Kitunguu cha Ua Jekundu

Juzi jirani yangu hapa Chemchem alikuwa akipalilia maua, jembe likakata kitunguu cha ua jekundu. Harufu ile mbichi ilinirudisha utotoni Sikonge, siku tuliyocheza kupikapika na mdogo wangu. Nilimenya kitunguu kama hicho kutoka kwenye maua ya mama, nikamlisha. Akatapika mpaka akalegea. Mama alimfunga mgongoni, akapanda baiskeli kuelekea zahanati, nami nikakimbia nyuma yao nikilia.

Wauguzi walipomwambia mama kwamba mtoto atapona, nilijificha nyuma ya mlango nikingoja fimbo. Mama alinivuta, akanifuta vumbi usoni kwa kanga.

“Nilidhani cha mboga, mama.”

“Najua, mwanangu. Ni mimi sikuwaonya kwamba kina sumu.”

Kesho yake aling’oa maua yote aliyoyapenda, akamwuliza mdogo wangu tupande nini.

“Karanga,” alisema, akinishika mkono.