Miraa Haikuwa na Kosa

Mwaka wa 1998 baba yangu alianza kumeza dawa ya homa ya ini, aina ya B. Dawa ilikuwa mpya. Ndugu yangu muuguzi aliitafuta Nairobi na kututumia. Kidonge kimoja kila asubuhi. Baada ya miezi kadhaa macho yake yalikuwa meupe tena, anakula vizuri, na amerudia kugombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba. Tukajua amepona.

Daktari wake wa Meru mjini alimkataza pombe. Miraa hakuitaja. Ni mimi niliyeikataza, maana nina tabia ya kuongeza sheria zangu juu ya za wenyewe. Baba alikuwa mkulima wa miraa huku Kianjai, ameitafuna tangu ujana, lakini aliacha bila ubishi.

Kisha nikachumbiwa. Kwetu wazee wa mvulana huja na ncoolo, fungu la miraa teule lililofungwa kwa majani ya mgomba. Baba wa msichana akilifungua na kutafuna, amekubali. Asipotafuna, wageni wanarudi kwao na aibu yao. Nilikuwa nimemsihi alipokee tu na kuliweka kando. Alilifungua, akachagua vijiti viwili, akatafuna taratibu huku akinitazama. Wazee wakapiga makofi. Nilikasirika, nikairudisha chai yangu jikoni.

Haukupita muda macho yakaanza tena kuwa manjano, na vipimo vya ini vikapanda.

"Si nilikuambia usiguse hiyo kitu?" nilimfokea jikoni, mama akisikia. "Sasa umeharibu dawa!"

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Nisamehe."

Sikumsamehe. Aliniomba tena Jumapili moja tukitoka kanisani, nikajifanya natafuta mwavuli. Kila asubuhi nilimwekea kidonge mkononi na maji kando, nikaenda zangu bila salamu. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Miezi mitatu baadaye tulipata nafasi ya kumwona daktari. Nilimshtaki baba hata kabla hatujakaa: miraa, ncoolo, ukaidi, yote. Daktari aliniacha nimalize. Halafu akasema kwamba virusi wenyewe walikuwa wamebadilika, dawa haiwashiki tena. Hilo huwapata hata wagonjwa wasioruka kidonge siku moja, na baba hakuwa ameruka. Nikauliza kama kuna dawa nyingine.

"Kwa sasa, hapa kwetu, hakuna."

Baba aliinama mbele. "Kwa hivyo daktari, hata ningekataa hiyo miraa ya wakwe, ingekuwa tu hivi?"

"Ingekuwa hivi hivi, mzee."

"Ai! Basi si ningetafuna fungu yote!"

Alicheka peke yake. Mimi nilitazama kalenda ya ukutani, nimeona haya mpaka masikio yanawaka.

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, nilimwomba msamaha. Alisema hayo yameisha, tutafute mahali pa kula kwanza, ana njaa. Tukala viazi na maharagwe, akaniuliza kama nimeshapata fundi wa kushona gauni la harusi.

Alinisindikiza kanisani akiwa amekonda, suti ikimpwaya. Tangu macho yake yalipogeuka tena manjano hadi siku tuliyomzika ilikuwa miezi kumi na minne. Mitatu kati ya hiyo sikumsalimia.