Begi la Mama

Jamani, leo anayehama ni mimi au Mama?

Nimeacha kazi ya ukarani Nyakato, naenda kusoma chuo Dodoma. Mama alisema ananisindikiza tu, kesho anarudi kwa Baba.

Lakini pale stendi kondakta aliponyanyua begi la Mama, sufuria ziligongana.
"Mama, umebeba hadi jiko?"
Mama hakucheka.

Tulipopita Usagara, Baba akanipigia.
"Shikamoo Baba."
"Marahaba. Mama yako alipata gari la kwenda Musoma kwa bibi yako?"

Nikamgeukia Mama. Akatikisa kichwa polepole, bila kunitazama.

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Kabla ya leo sikuwahi kumdanganya Baba.

Sasa simu inaita tena, ni yeye.
Na Mama, macho kayafumba kama amelala, ananiuliza, "Hicho chumba chako cha Dodoma kina vitanda vingapi?"

Nimjibu nani kwanza?