Ukurasa wa Chumba Kimoja

Korona ilipoingia Nairobi, kazi yangu ilikuwa kuandika Kiswahili cha tovuti moja ya serikali iliyowapa watu habari za ugonjwa huo. Timu yetu ilikuwa ndogo. Kulikuwa na daktari kijana aliyehakikisha kwamba tunachosema ni kweli, fundi wa tovuti ambaye pia alijua kuchora, mimi wa maneno, na mkubwa wetu, mama wa makamo mzaliwa wa Kawangware, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kubishana na ofisi za juu kwa niaba yetu. Ofisi zilipofungwa, kila mmoja alienda na kompyuta yake nyumbani. Mimi nilikuwa nimepanga kwenye ghorofa huko Gatina, Kawangware, na meza yangu ya kulia ikageuka ofisi. Chini yangu kulikuwa na kanisa. Jumapili zikawa kimya, nikajikuta nayatamani yale maspika niliyozoea kuyalalamikia.

Asubuhi daktari alituma mambo mapya kwa Kiingereza kizito, nami nikayageuza yawe maneno ambayo mtu anaweza kumsomea mama mkwe wake. Mkubwa akishayapitisha, fundi aliyapandisha, na kabla ya saa sita maswali yalikuwa yameanza kuingia kupitia kisanduku kilichokuwa chini ya kila ukurasa. Hayo maswali niliyapenda kuliko kitu kingine chochote cha kazi ile. Mama mmoja aliuliza kama anaweza kuendelea kumnyonyesha mtoto huku anakohoa. Mzee mmoja aliuliza kama, akivaa maski, anaruhusiwa kumtazama tu mjukuu wake mpya kutoka mlangoni. Hawakuandika majina yao, na mimi sikusaini langu, lakini kila niliyemjibu nilimjibu kama mtu aliyeketi mbele yangu.

Wazazi wangu waliishi Lindi, Kibera, kwenye chumba kile kile walichonilelea. Walikuja mjini kutoka upande wa ziwa wakiwa vijana, wakapanga hapo kwa muda, na ule muda haukuisha. Baba alikuwa seremala wa vitanda na stuli. Mama aliuza sukuma wiki na nyanya kule Mashimoni, humo humo Kibera. Walikuwa watu wa kutaniana kutwa nzima, hata mgeni angedhani wanagombana.

Baba alianza kwa kusema omena, wale dagaa wa ziwani, haina ladha. Mama akachukulia kwamba anatukana mapishi yake, akanuna. Kesho yake kikohozi kikaja, halafu homa, na jirani mmoja akamsindikiza baba kupimwa. Alikuwa nayo. Kwa vile alikuwa bado anatembea na kupumua vizuri, walimpa dawa za homa, wakamwambia aende nyumbani akajitenge.

Mama alinipigia simu nikiwa katikati ya mkutano wa asubuhi. Nilizima kipaza sauti changu, nikapokea. Alikuwa nje ya nyumba, nilisikia watu wakipanga mitungi kwenye kibanda cha maji.

"Nimefungua ile kitu yenu kwa simu," alisema. "Ngoja nikusomee." Akasoma polepole, kama anavyosoma Biblia. "Mgonjwa akae peke yake katika chumba chake, na ikiwezekana atumie choo chake mwenyewe." "Hii ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, mama."

"Sawa. Sasa hicho chumba chake kiko wapi, nyathina?"

Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha ya kwetu. Hakuniuliza kwa kejeli. Mama aliamini kabisa kwamba ikiwa serikali imeandika chumba, basi kipo mahali fulani, pengine wameweka vitanda kwenye shule au uwanja, na mimi bintiye ninayefanya kazi huko nitamwelekeza. Nilimwambia anipe dakika chache, nikarudi kwenye mkutano, na nilipofungua kipaza sauti kilichotoka ni kilio.

Wenzangu walinitazama kwenye skrini. Nilipoweza kuongea niliwaeleza kwamba baba ana korona, kwamba wazazi wangu wana chumba kimoja chenye kitanda kimoja na pazia, na kwamba mama anasubiri nimwambie ampeleke wapi mumewe.

Mkubwa wetu ndiye aliyesema kwanza. "Kwa mama yangu, hapo Gatina karibu na kwako, kuna nyumba moja ya kupanga imekaa tupu tangu watu warudi mashambani. Mchukue mama yako akae huko mpaka mzee apone. Usiniulize habari ya kodi."

Nilimpigia mama nikiwa na furaha. Akanisikiliza hadi mwisho, akamshukuru sana huyo mama mwenye ploti, mwenye nyumba hizo za kupanga, na kumwombea baraka. Kisha akakataa.

"Nikienda, nani atamsikia akikohoa? Nani atampa uji?" Sauti yake ilishuka. "Na hilo neno lenu la kutenga, mimi silitaki. Mtu anatengwa akikosea watu. Baba yako amemkosea nani?"

Nilijua nimeandika "kujitenga", si "kutenga". Lakini nilipokaa nikalisikiliza lile neno kwa masikio yake, nikasikia alichosikia yeye: mtu anafukuzwa penye moto wanaoota wenzake na kuachwa gizani.

Nilirudi kwa wenzangu nikiwa nimeishiwa maarifa. Daktari akasema, "Basi kama haondoki, tumsaidie afanye vizuri hapo hapo alipo. Tuunganishe naye."

Hivyo mama akaingia kwenye mkutano wa timu ya serikali akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango wake, simu ikiwa mkononi, sisi tukiona zaidi leso yake kuliko uso. Daktari alimuuliza dirisha liko wapi, linafunguka kiasi gani, na upepo unaingilia upande upi. Mama alijibu kila kitu, na mara nyingine alimuuliza baba kwa kupaza sauti, naye baba akajibu kutoka ndani kwa sauti ya kukwaruza. Fundi alikuwa anachora huku anasikiliza. Daktari akawaambia kitanda kisogezwe chini ya dirisha, mlango ubaki wazi mchana kutwa, wote wawili wavae maski wanapokuwa ndani, mama alale kwenye godoro karibu na mlango, kichwa chake kielekee mbali na cha baba. Baba awe na sahani na kikombe chake. Mama anawe mikono kila akimhudumia.

"Na nikitaka kumshika?" mama aliuliza.

Daktari alikuwa kijana ambaye hajaoa. "Mshike mguu, mama. Halafu unawe."

Sikuwahi kumsikia mama akicheka hivyo tangu ugonjwa uingie mjini.

Alipokata simu, mkubwa wetu alisema tusiache maneno haya yaishie kwa familia moja. Mchana ule tuliandika ukurasa mpya. Nilikataa kuweka neno kujitenga kwenye kichwa cha habari. Tulijaribu majina mengi, mwishowe tukaandika: "Kumuuguza mtu mkiishi chumba kimoja." Kuuguza ni neno ambalo mtu haliogopi. Ndani yake mnabaki wawili.

Ofisi za juu hazikuupenda. Mkubwa alitusimulia baadaye kwamba mzee mmoja wa huko alimwambia serikali haiwezi kutangaza hadharani kwamba watu wanaishi hivyo, itaonekana vibaya. Yeye akamjibu, "Mzee, mimi nimekulia kwenye ploti. Hivyo vyumba ni sisi tunavipangisha. Tunajua vina ukubwa gani." Ukurasa ukapita. Fundi naye alipata nafasi ya kutekeleza jambo alilokuwa akiliomba kwa muda mrefu: aliondoa ile picha kubwa ya jengo letu iliyokaa juu ya kila ukurasa, ambayo ilikuwa ikimaliza bando za watu kabla hawajafikia neno hata moja. Ukurasa wetu ukawa mwepesi, ukifunguka hata kwenye simu ya mama yenye kioo kilichopasuka.

Baba alikuwa wa kwanza kuusoma na kuuona mchoro wa chumba alioutia fundi. Alinipigia mwenyewe kutoa malalamiko.

"Huyo mtu wenu wa kuchora, mwambie hicho kitanda kitaanguka. Miguu gani hiyo, kama ya ndege? Kitanda cha fundi wa maana hakina miguu hivyo."

Nilimfikishia fundi. Hakubishana. Jioni ile kitanda kwenye tovuti ya serikali kilikuwa na miguu minene, na baba akawaonyesha majirani kupitia dirishani.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Baba alilala zaidi, akaongea kidogo. Nami niliendelea kuandika: habari za kafyu, habari za barakoa za kitambaa, majibu kwa uvumi uliokuwa ukizunguka kwenye simu za watu kwamba ukijifukiza kwa majani fulani huna haja ya kwenda hospitali. Kati ya ujumbe na ujumbe nilimpigia mama. Wakati mwingine alisogeza tu simu karibu na mlango ili nisikie baba akipumua.

Alasiri moja alinipigia, na sauti yake ilikuwa tulivu kwa namna iliyonitisha. "Hawezi kumaliza sentensi," alisema.

Hayo yalikuwa maneno ya ukurasa wetu. Daktari alikuwa amesisitiza tuyaweke juu, kwa herufi nzito: mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja bila kupumzika, usingoje. Mama hakungoja. Alikuwa ameshapiga ile namba ya dharura. Gari halingeweza kuingia kwenye vichochoro vya Lindi, kwa hiyo majirani walivaa maski, wakamkalisha baba kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, wakambeba mpaka barabarani. Alipelekwa hospitali, akawekwa kwenye oksijeni.

Niliweka kompyuta kwenye mkoba, nikatoka Gatina kwa miguu. Nilivuka Barabara ya Ngong, nikashuka Kibera nikiwa sijui nitafanya nini nikifika. Mama hakuruhusiwa kumfuata baba, na kwa kuwa amekaa naye, alitakiwa kubaki ndani mwenyewe. Nilimkuta amesimama dirishani. Tulitazamana. Mimi nilikuwa nje, hatua kadhaa kutoka ukutani, na nilitaka kumkumbatia mpaka mikono ikauma.

"Umekula?" aliniuliza.

Jirani wa mlango wa pili alinitolea benchi. Nilikaa hapo siku hiyo, na siku nyingine nyingi, mchana, kompyuta mapajani, nikifanya kazi ya serikali nje ya dirisha la mama. Niliona maswali yakiingia, na safari hii mengi yalitoka kwa watu waliosoma ukurasa wa chumba kimoja. Mwanamume mmoja wa Kawangware aliandika kwamba mkewe ni mgonjwa, naye amelala mlangoni kama tulivyosema, lakini mke anamwonea huruma kwa sababu ya baridi na anataka arudi kitandani. Afanye nini? Nilimsomea mama kupitia dirishani.

"Mwambie avae soksi," mama alisema. "Na amwambie mke wake kwamba anamsikia kutoka hapo."

Nilimwandikia hivyo hivyo. Daktari alipitia jibu, hakubadilisha kitu.

Hospitali ilitupigia asubuhi moja kusema baba ameondolewa oksijeni na anaomba chai yenye sukari. Mama aliketi sakafuni nyuma ya dirisha nisimwone, nikamsikia akiimba taratibu kwa lugha ya kwetu. Yeye hakuwahi kuugua. Mpaka leo hatujui ni kwa nini.

Baba alirudi amekonda, anatembea akishikilia kuta. Daktari wetu aliponiambia sasa naweza kuingia, nilienda Lindi mchana. Nilimkuta baba ameketi nje juani, amevaa sweta ingawa kulikuwa na joto. Ndevu zilikuwa zimeota uso mzima, nyeupe kuliko nilivyotarajia. Mikono yake, iliyozoea kushika randa na msumeno, ilikuwa inatetemeka, na alikuwa amejikata kidogo kidevuni kwa kujaribu kunyoa.

Mama alinipa wembe mpya na bakuli la maji ya moto. "Mimi macho yangu hayaoni vizuri karibu," alisema, ingawa anaona vizuri tu.

Sikumbuki kama niliwahi kuugusa uso wa baba kabla ya siku ile. Kwetu tulisalimiana kwa mkono, basi. Nilimpaka povu la sabuni, nikashika kidevu chake kwa vidole viwili, nikaanza na shavu la kushoto. Ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto. Alifumba macho. Watu walipita na mitungi yao, wakatusalimia, nasi hatukuitikia.

"Unashika polepole sana," alisema, bila kufumbua macho.

"Nyamaza nisikukate, baba."

Akanyamaza. Nikaendelea polepole.