Waliposema Polisi, Niliinua Chuma

Nyumba yetu iko Laeken, ghorofa ya pili. Niliinunua kwa jasho langu, mimi niliyeacha shule darasa la tatu kule Lubumbashi nikaenda kuchomelea vyuma karakana ya mgodi, kisha hapa Brussels nikasafisha treni miaka kumi na tisa. Sikusaidiwa na mtu. Mlango ule ni wangu na ninajua kila sauti inayoufikia.

Asubuhi moja ya Februari, saa kumi na moja na robo, nilikuwa nimeshaamka nachemsha maji ya kunyolea ndevu. Mke wangu alikuwa anaosha sufuria ya jana. Nikasikia miguu ngazini, mingi, inakanyaga polepole, na hakuna anayesema neno. Watu wa jengo letu wakipanda hukohoa, husonya, hulaani lifti mbovu. Hawa walinyamaza kwa makusudi.

Nilizima jiko nikaenda kuchukua chuma changu. Ni nondo nene niliyoikata mwenyewe, mita moja kasoro, nimeizungushia mpira kwenye mshiko. Kilikaa nyuma ya mlango tangu tuhamie.

"Papa, unaenda wapi na ile chuma?" mke wangu akauliza.

"Nyamaza. Kuna bantu ku ngazi."

"Bon, ngazi ni ya bantu bote."

Hapo hapo mlango ukapigwa kwa kitu kizito. Hawakugonga, walivunja. Nje wakapaza sauti: "Polisi! Polisi!"

Aliyekulia kwingine atasema, basi ni polisi, fungua. Sisi wa kule kwetu tunajua mengine. Miaka ile majambazi walikuja na magwanda, mengine wameazimwa na polisi wenyewe, na neno lao la kwanza mlangoni lilikuwa hilo hilo. Jirani yangu alilisikia akafungua, tukamzika. Donc waliposema polisi, ndipo nilipokuwa na hakika kwamba ni wezi. Nikajibana ukutani, nikainua chuma juu ya bega. Kichwa cha kwanza kitakachoingia, nitakipasua. Siandiki hivi kujisifu. Ndivyo nilivyokuwa nimeamua.

Mke wangu naye alikumbuka ya kwetu. Kule wezi wakikuingilia unapiga sufuria, jirani anapiga yake, mpaka avenue nzima inalia na wao wanakimbia. Akatoka na sufuria na mfuniko anapiga kwa nguvu zake zote. Lakini hakubaki jikoni. Alikuja moja kwa moja akasimama kati yangu na mlango, mgongo kwangu.

"Toka pale. Unanizuia."

Akapiga zaidi.

Pigo la tatu, mlango ukaanguka. Tochi, ngao, bunduki, vinyago. Wakamkuta mama mzee mwenye kitenge kifuani anapiga sufuria. Chuma changu kilikuwa bado juu, ila nikipiga, nampiga yeye. Nilimkasirikia sana. Nikakiachia kikaanguka nyuma yangu. Wakatulaza chini wote wawili, goti la mtu mgongoni mwangu, mimi wa miaka sabini na moja.

Baada ya muda mmoja wao akasoma karatasi yake tena. Ilisema ghorofa ya tatu. Wao walihesabu na ile ya chini kabisa, ambayo katika nchi hii haihesabiwi. Mimi wa darasa la tatu nisingekosea hapo.

Walipopanda kwa yule waliyemtaka, dirisha lilikuwa wazi na kitanda kina joto. Sufuria ya mke wangu ilimwamsha. Basi hapo wakaanza kutushuku sisi. Waliniweka kituoni mpaka mchana, swali moja tu: ile ishara ya sufuria nani aliwafundisha? Niliwaeleza habari ya wezi wa Lubumbashi. Wakaandika, wakatazamana. Niliona hawaamini hata neno.

Jirani zetu hawakutoka hata mmoja. Yule madame wa chini, miaka kumi ya bonjour, aliniuliza siku ya pili, "Kwa hiyo mlikuwa mnamjua?" Tangu hapo anaposhuka na mimi nashuka, anasubiri nipite kwanza. Nami nasubiri apite yeye.

Mke wangu nimemuuliza mara mbili kama alisimama pale kwa kusudi. Anasema alitaka sauti iwafikie wezi vizuri. Mtu wa miaka arobaini na nne ya ndoa, na sijui kama ananidanganya.

Mwezi wa tano ikaja barua: hatuna kesi, mlango utalipwa, na chuma changu walichokibeba asubuhi ile nije nikichukue.

"Ile chuma ikiingia, miye natoka," mke wangu akasema. "Nitaenda kwa mutoto ku Molenbeek. Niko sérieuse."

Nilienda kituoni. Chuma ni changu. Askari wa dirishani alikileta, akakiweka mezani, halafu akabaki ananiangalia. Macho yale niliyajua. Ndiyo yaliyotangulia mlangoni.

"Monsieur, hiki kilikuwa cha nini?"

"Cha kichwa chako."

Hakucheka. "Mimi nilimwona mama na sufuria tu," akasema. "Wewe sikukuona. Ningekuona umeinua hicho, ningefyatua. Kidole kilikuwa tayari."

"Na mkono wangu pia."

Alikuwa na pete mpya ya ndoa, anaizungusha. Kisha akanisukumia karatasi. "Unakichukua au unakiacha?"

Nilitia sahihi kwamba ninakiacha.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba wamekipoteza. Sikutaka aseme ameshinda.

"Polisi ipoteze chuma nzito vile?"

"Ndiyo vile walisema."

Alasiri ile nikiwa nimejilaza nilimsikia anakitafuta chini ya kitanda cha wageni, nyuma ya kabati, mpaka kwenye mita ya gesi. Nikamwacha atafute.