Wanahoki Waliopewa Majina na Bibi

Asubuhi ile nilitoka Jordbro, kitongoji cha maghala kusini mwa mji, bila mpango wowote. Unanijua, rafiki yangu. Mimi na kukaa mahali pamoja hatujawahi kuelewana. Kazi yangu ya ghalani ilikuwa imekwisha Ijumaa, chumba nilichopanga kilikuwa na mwenyewe anayekisubiri, na begi langu ni lile lile moja. Nikafika kituoni nikakuta kwenye ubao treni mbili, moja ya kurudi mjini na nyingine ya kwenda kusini mpaka mwisho wa reli, Nynäshamn. Miaka yote niliyobeba maboksi Jordbro sikuwahi kwenda kuona huko mwisho kuna nini. Nikapanda hiyo.

Mbele yangu walikaa mama mmoja na binti yake wa kama miaka minane. Mama alikuwa anaongea na simu kwa Kiswahili cha Kongo, kile cha kuchanganya na Kifaransa. Binti alikuwa amefungua pakiti ya kadi za wachezaji na kuzipanga pajani. Alipofika kwenye moja uso ukamng'aa, akaanza kumsomea mama yake kwa Kiswidi yaliyoandikwa nyuma ya kadi: mechi alizocheza mtu huyo, mabao aliyofunga, kombe alilobeba. Mama akamwambia, "Nimesikia, chérie," na kuendelea na simu. Mtoto akasoma tena, taratibu, safari hii akijisomea mwenyewe. Walishuka kituo cha mbele nami nikabaki nakodolea kiti kitupu. Mimi, umri ule, nilikuwa na mtu wa kunisikiliza. Na najua nilimlipa nini.

Tulikaa Skärholmen, mtaa wa wahamiaji pembezoni mwa mji, ghorofa ya tano, karibu na uwanja ambako wachuuzi wa matunda walikuwa wakiita wateja kwa lugha saba. Baba na Mama walifanya kazi za zamu, kwa hiyo aliyenilea hasa ni bibi, mama yake Baba. Alikuwa Mtooro wa magharibi mwa Uganda. Alikimbia kwao wakati wa fujo, akaishi Nairobi miaka mingi, na huko ndiko alikopata Kiswahili chake, ambacho alikisema kama mtu anayetoa amri. Mama yangu ni Mtanzania. Kiswahili ndicho kilichotuweka meza moja, na mimi, kama watoto wote wa jengo letu, nilikuwa nakijibu kwa Kiswidi. Bibi akijibiwa Kiswidi alijifanya kiziwi. Ungeweza kusema njaa inakuua, asigeuke.

Majira ya baridi shuleni kwetu yalikuwa ya kadi za hoki ya barafuni. Tulizinunua kwenye kibanda cha karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi, na hadi leo nikinusa karatasi mpya yenye wino mpya, vidole vyangu vinakumbuka ule ubaridi wa kuvua glavu moja ili kuchana pakiti. Mbele picha ya mchezaji na gongo lake. Nyuma maisha yake yote kwa herufi ndogo. Nilizipenda zile herufi kuliko vitabu vyote vya shule. Nilitaka kujua mtu ametoka mji gani, kwa nini msimu mmoja hakucheza, nani alimvunja mguu.

Siku ya kwanza nilipoleta kadi nyumbani, bibi alikuwa anasonga ugali wa ulezi. Akaniuliza ni picha ya nani. Nikamtajia jina, akajaribu kulitamka mara mbili, likamshinda. Kisha akaona kwamba mtu huyo hana meno ya mbele. Akaweka mwiko chini. Kwao zamani, akanieleza, kijana aling'olewa meno ya chini ndipo akahesabiwa mtu mzima; babu yake mwenyewe hakuwa nayo. "Kumbe hawa Wazungu wana watu," akasema. "Msomee bibi. Amefanya nini huyu?"

Nikamsomea, kwa Kiswahili, maana kwa Kiswidi asingesikia. Nikamwambia alifunga mabao matatu katika mechi moja, kipindi cha mwisho, wakati timu yake ilikuwa nyuma kwa mawili. Bibi akapiga makofi polepole, kama wanavyompigia mtu aliyesimama harusini. Halafu akasema mtu aliyefanya hayo hawezi kukaa bila jina.

Nikueleze kidogo. Kwao Toro kila mtu ana jina la ziada, wanaliita empaako. Si la ukoo wala la ubatizo. Yako machache, kama kumi na mawili tu, na watu wote wanagawana hayo hayo: Abwoli, Akiiki, Amooti, Atenyi, Araali na mengine. Mkubwa wa familia ndiye anayekupa, siku hiyo mnakula pamoja, na tangu hapo kila anayekupenda au kukuheshimu atakuita hivyo. Kumsalimia mtu bila kujua empaako yake, alisema bibi, ni sawa na kubisha hodi ukutani.

Basi yule asiye na meno akawa Araali. Bibi akachukua kalamu ya wino, akaliandika jina hilo nyuma ya kadi, pembeni ya zile takwimu, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni ulioinama kulia. Tukala ugali wa ulezi na mchuzi wa karanga wenye uyoga alioukausha mwenyewe, kadi ikiwa imeegemezwa kwenye jagi la maji.

Ikawa desturi yetu. Kila mchezaji mpya alisomewa matendo yake, akapigiwa makofi, akapewa jina, tukala. Majina yalikuwa machache na wachezaji wakawa wengi, kwa hiyo akawatofautisha kwa kazi zao: Araali wa mabao matatu, Araali wa taya, aliyecheza mechi nzima akiwa amevunjika, Abwoli aliyerudi kutoka Amerika, Akiiki mlinda lango, ambaye alizuia mipigo ya fainali yote na baadaye akalia mbele ya kamera. Huyo bibi alimpenda kuliko wote. Jina moja tu alikataa kulitoa kwa yeyote, kwa sababu ni la mfalme. Nilimbembeleza ampe nahodha wa timu ya taifa. Akaniambia nahodha ana kofia ya plastiki, arudi akiwa na taji.

Walifika thelathini na mmoja. Walikaa ndani ya boksi la viatu, na jioni bibi aliweza kuuliza, akiwa anakunja nguo, "Atenyi yule mrefu amepona goti?" nami nikakimbilia gazeti la bure kutafuta habari zake.

Nilipofika miaka kumi na miwili nilianza kuona haya. Mwanafunzi mwenzangu aliziona zile kadi, akacheka kwamba bibi yangu amewafanya wachezaji daftari la sokoni. Jina la daftari likanishika mwezi mzima. Yeye huyo ndiye aliyenipeleka Spånga, upande wa pili wa mji, kwa mzee mmoja mwenye nyumba ya mbao na chumba cha chini kilichojaa kadi. Jumamosi watoto walikwenda kwake kubadilishana. Mzee alivaa sapatu za ngozi na kushika kadi kwa kibano, kama daktari. Hakuwa mtu mbaya. Alizitazama zangu moja moja, akazigeuza, na kila alipokuta wino alivuta pumzi. Mwishowe akasema kwa upole kwamba zimeharibika, hakuna mkusanyaji atakayezitaka, lakini kwa kuwa naonekana napenda kweli, angenipa kadi moja safi kwa hizo zote. Ilikuwa ya mlinda lango yule yule, ya msimu wake wa kwanza kabisa, ndani ya kifuniko kigumu cha plastiki.

Niliikubali haraka mno, rafiki yangu. Hicho ndicho kinachoniuma. Sikuomba hata kubakiza mmoja.

Nyumbani nikaiegemeza kwenye jagi. Bibi akafurahi, akajifuta mikono, akachukua kalamu. Nikaiwahi kadi. "Bibi, huyu haandikwi."

Akanitazama, akaitazama ile plastiki. Akafunika kalamu. "Basi ni mgeni," akasema. Siku hiyo tulikula wali.

Yaliyofuata ni uongo. Baada ya siku chache aliuliza mbona Araali wa taya haonekani. Nikamwambia yuko shuleni, kwenye kabati langu. Na wenzake? Wote wako huko.

"Wanasoma?"

"Ndiyo, bibi."

"Afadhali. Maana wewe husomi."

Tukacheka wote wawili, na kwa kuwa tulicheka nilidhani nimepona. Lakini aliendelea kuuliza, wiki kwa wiki, kwa majina, kama mtu anayeulizia ndugu waliokwenda safari, nami nikawa namtungia habari: huyu amefunga, huyu ameumia bega, huyu anaoa. Nilikuwa hodari wa kutunga. Alipiga makofi kwa mabao ambayo hayakuwahi kufungwa.

Mwaka uliofuata bibi aliamua kurudi Toro. Kifua chake kilikuwa kimechoka na baridi, na alisema hataki kuzikwa kwenye udongo unaochimbwa kwa mashine. Asubuhi ya safari, masanduku yakiwa mlangoni na Baba anatazama saa, akaniita. "Niletee wale watoto niwaage."

Ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa na muda wa kutoka sebuleni mpaka chumbani kwangu na kurudi, na nakuhakikishia ulitosha. Badala yake nilijaza lile boksi karatasi za shule, nikalizungushia mkanda wa gundi, nikamwambia nimelifunga vizuri wasipate vumbi.

Bibi alilipakata. Akalipima kidogo kwa mikono, juu chini, kama anavyopimwa mtoto kliniki.

"Wamekonda," akasema.

Kisha akaweka kiganja juu ya kifuniko na kuanza kuwaita. Wote, rafiki yangu, mmoja baada ya mwingine, kila jina na kazi yake, na kwa kila mmoja alitulia kidogo kama anayesubiri aitikiwe. Baba alitaka kumkatiza kwa sababu ya ndege. Mama akamshika mkono. Nilisimama pale natazama vifundo vya vidole vyake. Alipomaliza alinirudishia boksi. "Ukiwaona," akasema, "waambie nimewaaga."

Jumamosi hiyo nilikwenda Spånga peke yangu, na ile kadi safi mfukoni, nikamwomba mzee tubadilishane tena. Alisikitika kweli. Alisema alizitoa na karatasi za taka majuma mengi yaliyopita. Hakujua kwamba zina mtu. Akanikaribisha maji ya matunda. Bibi alifariki kabla sijafikisha miaka kumi na minne, na habari ilikuja kwa simu wakati Mama anakaanga samaki. Miaka miwili baadaye niliacha shule. Sisemi ni kwa sababu hiyo. Mtu kama mimi angeiacha tu. Ila tangu hapo, kila soko la mitumba ninalopita, nikiona boksi la kadi siangalii picha. Nageuza nyuma, nyuma, nyuma, mpaka mwenye meza ananiuliza kama nanunua au nasoma. Ile kadi safi ilipotea katika mojawapo ya kuhama kwangu, na wala sikumbuki ni kuhama kupi.

Nynäshamn nilifika upepo unavuma na harufu ya samaki wa moshi iko kila kona. Dukani nikaona tangazo la chumba. Mwenye nyumba, mama wa Kiswidi mwenye goti bovu, alinipandisha ngazi taratibu, akanionyesha kitanda, meza na dirisha linalotazama meli za kwenda visiwani. Nikasema nitakaa, tuone. Akaomba kitambulisho, akaandika jina langu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika mlangoni.

Nilipobaki peke yangu niliketi kitandani na koti langu, nikajaribu kuwaita. Nilifika tisa. Wa kumi nilimwita Amooti, halafu nikasita, kwa maana sikuwa na hakika kama jina hilo alipewa na bibi au nimempa mimi sasa hivi ili kuziba pengo. Si kazi yangu kumpa mtu jina. Mimi si mkubwa wa mtu yeyote. Na mimi pia nina empaako, aliyonipa yeye, nayo sijaisikia masikioni tangu asubuhi ile ya masanduku. Baba hajawahi kuitumia. Kwake yeye mambo hayo yalibaki na waliobaki Toro.

Mwenye nyumba aliniita kutoka jikoni kwamba kahawa iko tayari. Aliniita kwa jina lile la kwenye kitambulisho. Nikaitika.