Benchi la Habari

Ofisi yetu ya maji Lodwar ilikuwa na benchi refu la mbao, na miaka yangu ya kwanza kazini naikumbuka kama alasiri moja isiyokwisha: joto, feni inayojivuta, na mtu wa mbali akitoa habari. Mchungaji wa mifugo hakuanza na shida yake. Alianza na njia, na mvua aliyoiona mbali upande wa Kaaleng, na mbuzi, na mtoto aliyezaliwa, nami nikiitikia macho yakiwa mazito. Shida ya maji ilikuja mwishoni, na kufikia hapo nilikuwa nimeshajua kila kitu.

Benchi halikuondoka siku moja. Meneja mmoja alilisogeza mlangoni, aliyemfuata akalitoa nje hadi varandani. Wa tatu, mtu mpole kweli, aliliondoa kabisa, akatuletea tableti zenye orodha ya shida za kuchagua: pampu, bomba, tangi. Nilizipenda, sikatai. Foleni ilikuwa ikiisha kabla ya chai ya saa nne, na tukaandikiwa barua ya pongezi.

Ndipo akaja mama mmoja mzee kutoka kisima kilicho ng'ambo ya Kakuma. Akaanza kunieleza jinsi mto mkavu ulivyofurika. Nikamkatiza, nikamwambia aseme shida tu. Akasema maji hakuna. Nikabonyeza pampu.

Mafundi wakasafiri na pampu mpya, wakaikuta ya zamani nzima kabisa. Kisima ndicho kilichojaa mchanga wa mafuriko yale niliyokataa kuyasikia. Wakarudi kuomba vifaa vingine, siku zikayoyoma, na mbuzi wa yule mama wakafa karibu wote. Hakuna aliyenilaumu, maana fomu ilijazwa sawasawa. Nilijilaumu mwenyewe, na hadi leo najilaumu.

Mwaka jana nilihamishiwa Kakuma. Asubuhi moja, vumbi likielea mlangoni hata nikadhani nasinzia, akaingia yule mama, amekonda, fimbo mkononi. Nikasimama, nikamsogezea kiti changu, nikaiweka tableti kando, nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mama. Kaa kwanza, nipe habari ya njia."

Hakukaa. Aliitazama ile tableti, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo swali iko huko ndani?"

Nikamwambia haimo.

"Basi andika bomba," akasema.

Nikaandika.