Sambaza za Ziwa Asilolijua

Habari niliipata jikoni, Jumanne asubuhi. Maman alikuwa akikoroga uji, akasema bila kugeuka: "Ule maman wa sambaza alikufa. Presha." Halafu akaniuliza kama nimechukua daftari ya kemia. Ninyi mnaosoma ukurasa wangu katika gazeti letu la shule mnajua kwamba naandika kwa sababu kusema kunanishinda. Siku hiyo hata kuandika kulinishinda.

Kila Jumamosi alipanda ngazi za Muhumba, mtaa wetu, na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kabla ya kunipimia aliuliza: "Wiki hii ulifanya nini ya mara ya kwanza?" Nilitazama miguu yangu. "Hakuna, maman." "Hakuna? Hata kupita njia ingine? Mutoto ya bure, wewe!" Kisha alisimulia yake. Wiki moja alikuwa amekula glasi, yaani aiskrimu, yeye mwenye wajukuu, na alipoiona inatoa moshi aliipuliza kama bugali moto. "Watoto walinicheka! Na mimi nikacheka. Kumbe baridi nayo iko na moshi." Alisema hivyo kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali.

Siku moja mimi, nisiyeuliza kitu, nilimuuliza kama amewahi kupanda mtumbwi. Hakuwahi. Alizaliwa Luhwindja, milimani. Miaka yote ile aliuza samaki wa ziwa ambalo hakuwahi kutia hata mguu ndani yake. "Basi twende sisi wawili, Samedi," akasema, yaani Jumamosi. "Mara ya kwanza inaomba shahidi. Bila shahidi utazani uliota tu."

Nilikubali, na sikwenda. Niliogopa wenzangu wa darasa wanione mtumbwini na muuza samaki. Jumamosi iliyofuata, alipoleta sambaza, nilimdanganya kwamba siku ile tulikuwa na entero, mtihani mdogo wa darasani. "Entero? Haya, masomo kwanza," akasema, akaniongezea kiganja kizima cha sambaza. Siku tatu baadaye akafa.

Mazoea yana taabu. Siku hizi mjini kwetu tumeyapunguza maisha kwa hofu: tunaamka, tunauliza kama barabara ni salama, tunafunga mlango mapema, na kesho tunarudia. Nilidhani hiyo ndiyo busara. Yeye aliishi katika hofu hiihii, lakini kila wiki aliinyang'anya kitu kimoja kipya. Mimi sasa, ikifika Jumamosi, nasikia beseni likitua mlangoni. Nimefungua mara tatu. Hakuna mtu.

Kwenye matanga binti yake alinitazama sana. "Ni wewe ule mutoto wa kimya? Samedi ile alikungojea kule chini ziwani mpaka saa sita. Watu ya mitumbwi walimuambia, 'Maman, panda, tunaenda!' Akawajibu, 'Mutangulie, niko na mwenzangu.'"

Nikauliza, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia vizuri, kama angalau aligusa maji.

"Alirudi na kitenge kikavu," akasema.

Mama yake hakuniambia kamwe kwamba alingoja. Ndiyo maana nawaandikia ninyi jambo ninaloona aibu kulisema. Mtu akikuambia, "Twende, sijawahi," usimtafutie siku nyingine, wala usitazame nani anakuona. Kwa jambo hilo moja amekuchagua wewe. Vaa viatu, mwende.